Kanda Isiyoomba Radhi

Kanda yangu ya pili ilikuwa na nyimbo sita, na hapakuwa na hata mmoja ulioomba radhi. Nasema ya pili ingawa wapo watakaoapa kwamba nimetoa moja tu maishani, ile yenye wimbo wa jamvi. Ile haikuwa yangu. Sauti ilikuwa yangu, lakini picha juu ya kasha ilikuwa ya mume wangu, amevaa suti nyeupe na ameegemea kinanda chake. Mimi nilitokea nyuma ya bega lake, kichwa tu, kama mpita njia aliyeingia kwenye picha kwa bahati mbaya.

Mume wangu alikuwa na kikundi cha taarab pale Kibiti. Ndizo zile zama za ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu tulivyokuwa tukivisikia kwa wasafiri: redio kaseti za milango miwili, sabuni za kunukia, vitenge vya kila rangi. Kila aliyekuwa na akili alikuwa akiuza kitu. Yeye aliuza boriti za mikoko kutoka Nyamisati mpaka akapata kinanda, na alipopata kinanda akaanza kuuza mke. Sisemi kwa ubaya. Nasema alichokifanya.

Wimbo wa jamvi aliutunga yeye. Nikiusikia mpaka leo najua kila mahali nilipovuta pumzi:

Nitandike niwe jamvi, unikanyage mwenzangu,
Hata ukinipa chumvi, ni tamu kinywani mwangu.

Ulipendwa. Ulipigwa harusini kuanzia vijiji vya delta ya Rufiji hadi ng'ambo ya mto, na mabwana harusi waliutaka kabla hata hawajauliza pilau limeiva au bado. Ulipendwa kwa sababu niliuimba vizuri, na sioni kwa nini nijifanye mnyenyekevu. Ungempa mwingine ungekufa siku ile ile.

Na nyumbani nilikuwa jamvi kweli. Nilijua kuwa anaoa mke wa pili siku msichana mmoja mwitikiaji alipoingia mazoezini amevaa sare ya kikundi iliyoshonwa kwa vipimo vyake. Wengine wote tulivaa za kubahatisha, za kukaza kwa pini. Yake ilimkaa mwilini kama imemwagwa. Nikajua mwenye kikundi alikwenda naye kwa fundi. Sikugombana na yule binti, kwa maana hakunioa yeye. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu naomba talaka yangu.

Hakukasirika. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, akauliza, "Sasa utaimba wapi?"

"Nitaimba hata chooni," nikamwambia.

Talaka ilichelewa, lakini maji ukishayavulia nguo huna budi kuyakoga. Nilikwenda kwa wazee wake, nikaenda kwa wazee wangu, nikaenda msikitini, mpaka wakachoka kuniona. Nilipoipata wakanipa na hukumu yake: mtoto ni wa baba. Binti yangu wa pekee alipelekwa Nyamwage kwa wifi yangu, dada mkubwa wa baba yake, na mimi nikapanga chumba Kibiti, nyuma ya kituo cha afya. Nilimwona mwanangu wakati wa likizo, wakipenda wao.

Chumba cha jirani alikaa nesi mmoja kutoka bara, mwanamke mrefu mwenye sauti ya pili ya kwaya. Alikuwa na redio kaseti na moyo mpana. Eda yangu niliikalia pale nikichoma vitumbua, na wimbo wa kwanza ulinijia nikiwa nageuza vitumbua. Niliuimba polepole kusudi nisiukimbize, nikadhani sisikiki. Nesi akatoka mlangoni na mswaki mdomoni.

"Dada, hebu rudia."

Nikarudia:

Jamvi nimelikung'uta, nimelikunja natoka,
Aliyedhani nasita, mwambieni nimevuka.

Akatema povu, akafuta mdomo. "Huu si wimbo, dada. Huu ni ushuhuda."

"Ushuhuda wa nini?"

"Kwetu kanisani mtu akibadilika anasimama mbele za watu anaeleza alikuwa wapi na sasa yuko wapi. Wewe umesimama."

"Mimi nimekaa naunguza vitumbua," nikamwambia. "Na usinifanye mlokole, nina watu wangu."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini neno lake lilinikaa. Lazima nieleze kwa nini, maana msomaji wa bara anaweza asilione. Huku kwetu wimbo wa taarab una mwenyewe. Mwimbaji anapofika kwenye ubeti, mwanamke mmoja huinuka kwenda kumtunza kwa noti, na anapocheza humgeuzia uso mke mwenzake, au jirani, au wifi, na ukumbi mzima unajua nani amepigwa kombora. Watu hawaulizi wimbo unasema nini. Wanauliza anaimbwa nani. Nami kwa mara ya kwanza nilikuwa nimetunga wimbo ambao hamna mtu wa kugeuziwa uso. Nilikuwa najiimba mwenyewe, na sikuwa nimewahi kusikia mtu akifanya hivyo.

Nyimbo zikafika sita. Nesi alinisaidia kupata chumba cha kurekodia Dar es Salaam kwa mtu wa kwaya yao, chumba chenye trei za mayai zilizobandikwa ukutani ili sauti isirudi. Fundi mitambo alikuwa kijana mpole. Aliuliza swali lile lile la watu wote, kwamba mama, huyu unayempa vidonge vyake ni nani? Nikamwambia vidonge nameza mwenyewe. Ikaja zamu ya picha. Nilisimama peke yangu, mkono kiunoni, jamvi limekunjwa chini ya kwapa.

"Mama, cheka kidogo," akasema mpiga picha.

"Nimeshacheka vya kutosha. Piga."

Kanda ilipofika Kibiti, mji mzima ukakaa kikao. Pale stendi kila mwenye kibanda aliipiga, na kila mwanamke alikuwa na jina la anayeimbwa. Wengine walisema namwimba mume. Wengine walisema mama yake. Mwuza samaki mmoja aliniapia kuwa ni yeye, kwa sababu ya ugomvi wa ndoo ambao mimi nilikuwa nimeshausahau. Wengi walikubaliana kuwa ni yule mke mdogo, na mke mdogo naye akakubali, maana aliniletea salamu kupitia kwa watu: "Mwambieni jamvi lake nimelilalia, na usingizi nimeupata."

Nilicheka sana. Ulikuwa ubeti mzuri. Ningekuwa bado kwenye kikundi ningeuchukua. Lakini kila nilipojaribu kueleza kuwa wimbo haumhusu, watu walinitazama kama mtu anayekana mchuzi na huku vidole vinanuka kitunguu. Hilo liliniudhi kuliko matusi. Nilikuwa nimetoka nyumbani kwa mtu yule kwa miguu yangu, nimeimba habari za miguu yangu, na bado watu walitaka wimbo uwe habari zake.

Ndipo wifi alipokuja. Alishuka kwenye basi, akakaa kwenye kigoda changu, akala vitumbua kwanza, kisha akafuta mikono.

"Wifi, mwanao tumemcheza. Mwezi huu anatoka."

Binti alikuwa amevunja ungo na kuwekwa ndani bila mimi kuambiwa.

"Nimekuja kukwambia kwa kuwa mama mzazi yu hai, na mwali hatolewi mamaye hayupo. Watu watatusema," akaendelea. "Njoo na doti yako ya kanga, ukae na wenzio. Ila hiyo kanda yako ya matusi iache hukuhuku. Kaka ameshaandaa spika. Mwali atatolewa kwa jamvi."

"Kwa jamvi?"

"Wimbo wa mama yake mwenyewe. Kuna heshima gani tena, bibi wee?"

Na alisema kwa moyo safi, ndilo lililonitia uchungu. Alipoondoka nilibaki nimeshika mwiko, mafuta yanaungua. Siku ya kutolewa mwali hubebwa mabegani mbele ya watu wote, anatoka msichana na kuingia mwanamke, na anachoimbiwa pale ndicho atakachokaa nacho. Mwanangu angebebwa juu na kinywa changu kikimwambia atandikwe akanyagwe. Na miaka ikipita, siku atakayorudi analia na kanga yake kichwani, wangemwambia: mama yako mwenyewe alikuimbia. Nilikasirika. Talaka ilinitoa mimi katika nyumba ile. Sauti yangu waliibakiza, na sasa walitaka kumfungia mwanangu nayo.

Nesi alisema nisiende. Kisha akasema niende na kanda nimpe kungwi kwa siri. Nikamwambia kanda wataikataa, lakini koo hawawezi kunitoa.

Kwenda Nyamwage siku hizo ilikuwa lazima uvuke Rufiji kwa pantoni. Tulikaa foleni na malori ya korosho, na tulipopanda utingo mmoja akanitambua, akapaza sauti, "Mama Jamvi huyu! Tuimbie, mama, tuvuke vizuri!" Abiria wakapiga makofi. Nikamwambia jamvi nimelikunja, aombe jingine. Akacheka, akaomba jingine. Nikampa lile lile lililokunjwa, na tulipogusa ukingo wa pili wanawake wawili wenye vikapu vya kuku walikuwa wameshashika kiitikio. Nilishuka nikiwa na joto mwilini.

Uwanja wa wifi ulikuwa umefagiliwa na kumwagiwa maji. Jua lilikuwa bado la mchana, adhuhuri imeshaswaliwa. Wanawake walikaa kwa mafungu, wapiga ngoma walikuwa wakizikausha ngozi za ngoma zao kwenye moto wa makuti, na kando yao, juu ya mti uliochomekwa ardhini, baba wa mwanangu alikuwa amefunga spika ile yenye mdomo wa tarumbeta, waya zake zikishuka hadi kwenye betri ya gari. Alinisalimia kwa adabu. Mke wake mdogo alikuwa pale naye, amekaa na ndugu wa mume, akanipa jicho moja na kuliondoa. Nikaketi nilipoonyeshwa.

Mwali akatolewa. Alibebwa mabegani na mwanamke mwenye nguvu, mwili umepakwa mafuta unang'aa, shanga kiunoni juu ya kanga, uso ameuinamisha kama alivyofundishwa. Alikuwa amerefuka. Shingo ile niliijua, ilikuwa yangu. Nilifungua kinywa nipige kigelegele.

Baba yake akabonyeza mashine.

Nikaisikia sauti yangu ya ujana ikitoka juu ya mti, laini, imenyooka, haina hata mkwaruzo. Niliionea wivu kidogo, kusema kweli. Wanawake wakaanza kuyumba. Nitandike niwe jamvi. Wapiga ngoma wakajaribu kuifuata, wakapotea, wakajaribu tena. Kanda haimsubiri mtu. Mkono wa mpiga msondo, ile ngoma ndefu, ukabaki hewani.

Nikasimama. Wifi alinivuta kanga, ikambakia mkononi. Nikaingia katikati ya uwanja, nikasimama chini ya miguu ya mwanangu iliyoning'inia, nikaanza kuimba wa kwangu.

Kuimba dhidi ya mtu mwingine nimezoea, ndiyo kazi. Kuimba dhidi ya nafsi yako ni jambo jingine. Ile ya juu ilikuwa na pumzi ndefu kuliko mimi, na spika inaibeba. Mimi nilikuwa na kifua tu. Ubeti wa kwanza hawakunisikia, waliona mdomo ukitembea. Kungwi, bibi mmoja mfupi aliyekuwa amemshika mwali kifundo cha mguu, alinitazama. Kisha akawageukia wapiga ngoma.

"Mnangoja nini? Mpigieni aliye hai."

Msondo ukaingia. Ukaingia chini ya sauti yangu, ukaninyanyua, na mimi nikafungua koo. Aliyedhani nasita. Mwanamke aliyembeba mwali akaanza kucheza, kwa maana anayebeba hufuata ngoma wala hafuati spika, na mwanangu akapanda na kushuka na wimbo wangu. Vigelegele vikaanza upande mmoja, vikaenda upande wa pili. Nilipomaliza ubeti wa pili nikanyamaza pale ambapo kiitikio hushika, na kikashikwa, kwa sauti nyembamba iliyofundishwa kazi: mwambieni nimevuka! Watu wote wakageuka. Alikuwa mke mdogo. Mwitikiaji ni mwitikiaji, kiitikio kikining'inia kinywa chake hujifungulia chenyewe. Alijiziba mdomo kwa kanga, macho yamemtoka. Kama kuna mtu pale alikuwa bado akiuliza anaimbwa nani, nadhani alichoka.

Baba wa mwanangu alikuja mbio, jasho linamtoka. "Unafanya nini? Unajipinga mwenyewe? Sauti ile nimeirekodi mimi, ni yangu!"

"Ile baki nayo," nikamwambia. "Nimekuja na nyingine."

Wanawake waliokuwa karibu walipiga kelele ya kufurahi. Alirudi kwenye mashine akazungusha kitufe mpaka mwisho. Nikaingia ubeti wa tatu na sikujisikia hata mimi mwenyewe. Ilikuwa kelele tupu, jamvi likinguruma juu, msondo chini, na mimi katikati nikisukuma maneno kama mtu anayepiga kasia matopeni. Waliposema ngoma ikivuma sana hupasuka hawakuwa wameona spika. Ikapiga yowe moja la kukatisha masikio, ikakohoa, ikanyamaza. Uwanja ukaangua kicheko. Lakini ubeti wangu nao ulikuwa umekwisha, na wifi alikuwa ameshatoa amri mwali arudishwe ndani.

Uso wa mwanangu sikuuona. Aliinama toka mwanzo hadi mwisho. Sikujua alisikia ipi katika sauti zangu mbili, na hofu niliyoipata pale sikuwahi kuipata mbele ya mume wala wazee.

"Umemharibu mtoto," wifi akaniambia mlangoni.

"Kama kuharibika ni kujua njia ya mlango, basi nimemharibu. Nipishe nimwone mwanangu."

Akanipisha. Hakuwa mtu mbaya.

Chumbani mlikuwa na mkeka, mtungi, na dirisha dogo linalotazama barazani. Mwanangu alikuwa ameketi na miguu imenyooshwa, uso chini. Kungwi alikaa pembeni yake akitafuna tambuu. Niliketi. Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa tangu Kibiti, yote yakanikimbia. Nikamfuta jasho la shingo kwa ncha ya kanga.

"Mama," akasema, chini chini.

"Ee, mwanangu."

"Ule wimbo wako una beti ngapi?"

"Tatu."

"Wa tatu sikuusikia. Baba alifungulia spika."

Kungwi akaacha kutafuna. Akainuka kwenda kufunga ubao wa dirisha, kwa heshima ya nyumba. Nikamwomba auache. Akaniangalia, akaketi tena. Nikaimba bila ngoma, bila kinanda:

Mwanangu ukiolewa, ingia na jina lako,
Na siku ukionewa, ujue kwangu ni kwako.

Mwanangu akauinua uso, uso ambao haukuruhusiwa kuinuliwa siku ile, akanitazama machoni.

"Rudia," akasema. "Niushike."

Nikarudia, na mara hii niliupandisha hadi juu kabisa, maana dirisha lilikuwa wazi na baba yake alikuwa barazani.